Mwenye kiambishi ni nani? Mwongozo kamili wa kujibu maswali ya upatanisho na usambamba katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, KCSE

Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne nchini Kenya, ile inayotambulika kwa nambari 102/2, hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 80. Ufahamu una alama 15, ufupisho alama 15, matumizi ya lugha alama 40 na isimujamii alama 10. Nusu nzima ya karatasi, basi, imo katika matumizi ya lugha, na mtahiniwa anayegawa muda wake kwa haki ana takriban dakika 75 za kuishughulikia sehemu hiyo. Ndani ya alama hizo 40 upatanisho wa kisarufi, yaani kukubaliana kwa viambishi na nomino yao, hujitokeza chini ya majina mengi: swali la umoja na wingi, la ukubwa na udogo, la o-rejeshi, la viwakilishi, la ukanushi, la kusahihisha sentensi. Anayeyumba katika upatanisho hupoteza nusu alama hapa, alama moja pale, na mwisho wa karatasi hajui zilikwenda wapi.

Nimewafundisha wanafunzi wengi walioweza kulitaja jedwali la ngeli, yaani makundi ya nomino yanayoitwa kwa viambishi vyake, kuanzia A-WA hadi PA-KU-MU bila kusita, na bado wakaandika “vitu ingine” au “ile kitabu” walipoketi kwenye mtihani. Ngeli walizijua. Tatizo lilikuwa kwamba waliandika kwa kufuata sikio, na sikio la mtu anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret limezoea “hii kitu” tangu asubuhi hadi jioni. Mazungumzo ya mtaani yana kazi yake na simlaumu mtu kwa kuyazungumza, lakini mtihani unapima Kiswahili sanifu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni swali moja ambalo mtahiniwa hukiuliza kila kiambishi kabla ya kukiandika: mwenyewe ni nani? Kila *ki-*, kila *zo*, kila *-ao* ina nomino inayoimiliki. Mwenyewe akijulikana, umbo sahihi hupatikana. Asipojulikana, hata jedwali lililokaririwa vizuri halisaidii.

Hatua ya kwanza: soma agizo kabla ya sentensi

Agizo ndilo linaloamua kitakachobadilika na kitakachobaki. Ukiambiwa uandike kwa wingi, kila kinachoweza kuingia katika wingi sharti kiingie, pamoja na nafsi na vimilikishi. “Kitabu changu kimepotea” kwa wingi ni “Vitabu vyetu vimepotea”, kwa maana wingi wa *-angu* ni *-etu*, wa *-ako* ni *-enu*, na wa *-ake* ni *-ao*. Anayeandika “Vitabu vyangu vimepotea” ameandika sentensi safi ya Kiswahili, lakini amekifanya kitabu kuwa vingi na kumwacha mwenye kitabu akiwa mmoja.

Agizo la pili linalowaangusha wengi ni lile linalotaka kiwakilishi. Kivumishi huandamana na nomino. Kiwakilishi huchukua nafasi yake. Ukiambiwa utunge sentensi yenye kiwakilishi kimilikishi ukaandika “Kalamu yangu imepotea”, umetoa kivumishi, kwa sababu kalamu yenyewe ipo pale mbele. Jibu ni “Yangu imepotea.” Vivyo hivyo, “Kiti hiki kimevunjika” ina kivumishi kiashiria, na “Hiki kimevunjika” ina kiwakilishi kiashiria. Umbo la neno ni lile lile, na kinachotofautisha ni kama nomino imetajwa au haikutajwa. Lakini angalia kwamba hata pale nomino ilipotoweka, *hiki* bado linamtii kiti asiyeonekana.

Hatua ya pili: tafuta nomino kuu, kisha uikague

Sentensi ya mtihani hupenda kuweka maneno kati ya mtenda na kitenzi chake. Tazama hii: “Kikapu cha machungwa yaliyonunuliwa na akina mama jana kimeanguka.” Anayeandika kwa sikio hufika kwenye kitenzi akiwa na machungwa kinywani na kuandika “yameanguka”. Lakini kilichoanguka ni kikapu. Machungwa yana kiambishi chao, *yaliyonunuliwa*, na kikapu kina chake, *kimeanguka*. Kwa wingi tunapata: “Vikapu vya machungwa yaliyonunuliwa na akina mama jana vimeanguka.” Ninawashauri wanafunzi wangu wachukue penseli na kupiga mstari mwembamba chini ya nomino kuu kabla ya kujibu. Sekunde tatu zinatosha. Kwa njia hiyo hiyo, katika “Mmoja wa madaktari waliomtibu amesafiri”, aliyesafiri ni *mmoja*, hali *waliomtibu* ni mali ya *madaktari*. Neno *kila* nalo hutangulia nomino na huandamana na umoja daima: “Kila mwanafunzi amepewa kitabu chake.” “Kila wanafunzi wamepewa vitabu vyao” haikubaliki, na anayetaka wingi atumie *wote*.

Ukishaipata nomino, usiiamini sura yake. Kifaru, kiboko, kipepeo, kijana na kiongozi huanza kwa *ki-*, ilhali vyote hutwaa upatanisho wa A-WA: “Kifaru huyu amejeruhiwa”, “Vifaranga wale wameliwa na mwewe.” Mtume huwa mitume kwa wingi, lakini husemi “mitume ile ilihubiri”, ni “mitume wale walihubiri”. Chenye uhai, awe mtu au mnyama, hufuata A-WA bila kujali kiambishi kilicho mbele ya jina lake. Ubaguzi mdogo unaostahili kukumbukwa uko katika vimilikishi vya majina ya udugu na uhusiano: “Ndugu yangu amefika”, “Ndugu zetu wamefika.” Kimilikishi kimechukua *y-* na *z-* kana kwamba ndugu yumo katika I-ZI, huku kitenzi kikibaki katika A-WA. Sentensi moja, nomino moja, namna mbili za upatanisho, na zote ni sahihi.

Kuna pia nomino zenye sura moja na wenyewe wawili, ambazo mtahini huzipenda sana. “Ua hili limenyauka” ni lile la bustanini, na wingi wake ni “Maua haya yamenyauka”, “Ua huu umefagiwa” ni uwanja uliozungushiwa uzio nyumbani, na wingi wake ni “Nyua hizi zimefagiwa.” Mbuzi anayechungwa ni “mbuzi huyu”, na mbuzi ya kukunia nazi ni “mbuzi hii”. Ndege wa mtini ni “ndege huyu ameruka”. Ndege ya abiria ni “ndege hii imeruka”. Tai wa angani na tai ya shingoni hufuata mkondo huo huo. Hapa kiambishi cha kitenzi ndicho kinachokuambia maana, kwa hiyo kisome kwanza, kisha uamue ni nomino ipi inayozungumziwa.

Hatua ya tatu: kifungue kitenzi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kubeba viambishi vya upatanisho vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Chukua sentensi hii na uiandike kwa wingi:

“Ufunguo alioupoteza mwalimu umepatikana.”

Kifungue kitenzi cha kwanza kipande kwa kipande: *a-li-o-u-potez-a*. *A-* ni ya nani? Ya mwalimu, aliyepoteza. *-li-* ni wakati uliopita, haina mwenyewe. *-o-* ni kirejeshi, kinarejelea ufunguo. *-u-* ni ya mtendwa, yaani ufunguo tena. *-potez-* ni shina na *-a* ni kiishio. Kitenzi cha pili, *u-me-patikan-a*, kina *u-* ya ufunguo. Sasa wenyewe wanajulikana. Mwalimu akiwa walimu, *a-* inakuwa *wa-*. Ufunguo ukiwa funguo, *-o-* inakuwa *-zo-*, *-u-* inakuwa *-zi-*, na *u-* ya mwisho inakuwa *zi-*. Jibu:

“Funguo walizozipoteza walimu zimepatikana.”

Nimeona wanafunzi wengi wakiandika “Funguo waliozipoteza walimu zimepatikana.” Kosa hilo lina mantiki yake: wameiona *wa-* mwanzoni, sikio likawavuta kuandika *-o-* ya watu, kana kwamba kirejeshi sharti kifuate mtenda. Hakifuati mtenda. Kinafuata nomino inayofafanuliwa, na inayofafanuliwa hapa ni funguo. Mtahiniwa aliyekuwa ameigawa *alioupoteza* vipande vipande asingekosea, maana angeikuta *-o-* imeshikana na ufunguo tangu mwanzo.

Sasa linganisha na sentensi ambayo mtenda ndiye anayefafanuliwa: “Mkulima aliyeukata mti ule ameuuza.” Katika *a-li-ye-u-kat-a*, *a-* na *-ye-* ni za mkulima, *-u-* ni ya mti. Katika *a-me-u-uz-a*, *a-* ni ya mkulima na *-u-* ya kwanza ni ya mti, na *-u-* inayoifuata ni ya shina *uza*, haihusiki na upatanisho kabisa. Kwa wingi: “Wakulima walioikata miti ile wameiuza.” Anayedondosha *u* moja na kuandika “ameuza” hajavunja sarufi, lakini kiambishi cha mti, ambao ndio mtendwa, kimeanguka njiani, na swali lililotaka kiambishi cha mtendwa halikujibiwa.

Neno kuhusu nafsi. Kiambishi *u-* chaweza kuwa cha wewe au cha nomino ya U-I, U-ZI na nyinginezo: “Umeanguka” ni wewe au mti? Muktadha ndio unaoamua. Kwa wingi, ya kwanza ni “Mmeanguka” na ya pili ni “Imeanguka”. Nayo *-ku-* ya mtendwa, kama katika “Nimekuona”, huwa *-wa-* kwa wingi: “Tumewaona.” Amri nazo zina wingi wake: njoo huwa njooni, nenda huwa nendeni, soma huwa someni.

Hatua ya nne: virejeshi, kimoja kwa wakati mmoja

Kiswahili kina njia tatu za kurejelea, na kila moja ina mahali pake. Ipo *amba-*, ambayo hukubali wakati wowote. Ipo o-rejeshi ya katikati, inayokaa baada ya *-na-*, *-li-*, *-taka-* na *-si-* ya ukanushi: anayelima, aliyelima, atakayelima, asiyelima. Na ipo o-rejeshi tamati, inayokaa mwishoni mwa kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati: alimaye.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuzitia mbili pamoja: “Mgeni ambaye aliyefika jana ameondoka.” Mgeni ni mmoja na anafafanuliwa mara moja, kwa hiyo chagua “ambaye alifika” au “aliyefika”. La pili ni kuibandika o-rejeshi kwenye *-me-*, mahali isipokubalika. Ukipewa “Kitabu ambacho kimepotea ni cha dada yangu” na kuambiwa utumie o-rejeshi, badilisha wakati: “Kitabu kilichopotea ni cha dada yangu.”

Swali la o-rejeshi tamati huletwa mara nyingi kwa sentensi yenye *hu-*. “Mwanafunzi ambaye husoma kwa bidii hufaulu” inakuwa “Mwanafunzi asomaye kwa bidii hufaulu.” “Ngoma ambazo huchezwa usiku” zinakuwa “Ngoma zichezwazo usiku”, na “Mito ambayo hufurika” inakuwa “Mito ifurikayo”. Ona kwamba katika umbo hili mwenyewe hutajwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni: *zi-* na *-zo*, *i-* na *-yo*. Viambishi hivyo viwili visipokubaliana, jibu halijakamilika. Vitenzi vya silabi moja hupoteza *ku-* yao hapa, kwa hiyo “ambaye hula” ni alaye, na “ambaye hunywa” ni anywaye. Kwa ukanushi, rudi kwenye *-si-*: mito isiyofurika. Na tafadhali, tahajia ni *ambaye*, wala si *ambae*. Hiyo *y* ndogo inagharimu alama bure.

Hatua ya tano: vivumishi

Hatua hii ni nyepesi kwa aliyeshika mambo machache. Ngeli ya U-ZI hudanganya katika umoja: kitenzi chake huchukua *u-*, lakini kivumishi cha sifa huchukua *m-*. Tunasema “ukuta mrefu umeanguka”, hatusemi “ukuta urefu”, na kwa wingi ni “kuta ndefu zimeanguka”. Ndivyo ilivyo kwa “uzi mwembamba umekatika” na “nyuzi nyembamba zimekatika”. Idadi hupatana kuanzia moja hadi tano na nane: viti viwili, miti minne, watu wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, kwa hiyo hakuna “watu wasita”. Vivumishi vilivyokopwa, kama safi, ghali, hodari na maskini, havichukui kiambishi. *-ingine* katika I-ZI ni *nyingine*, umoja na wingi: nyumba nyingine imejengwa, nyumba nyingine zimejengwa. Hiyo ndiyo tiba ya “ingine” na “zingine”.

Hatua ya sita: ukubwa, udogo na mahali

Sentensi ikiingizwa katika ukubwa au udogo, uhai hauamui tena. Umbo jipya ndilo linaloamua. “Mtoto aliyeumwa na mbwa amepelekwa hospitalini” kwa ukubwa ni “Toto lililoumwa na jibwa limepelekwa hospitalini”, na kwa udogo ni “Kitoto kilichoumwa na kijibwa kimepelekwa hospitalini.” Mwanafunzi makini huuliza: mbona kijana ni “huyu” na kitoto ni “hiki”? Ni swali zuri. *Ki-* ya kijana ni sehemu ya jina lake la kawaida, naye ni mtu kamili katika A-WA. *Ki-* ya kitoto imewekwa makusudi ili kumdunisha, na ngeli ya KI-VI imekuja nayo. Ukibadilisha nomino na kuacha kitenzi katika A-WA, kama katika “Toto aliyeumwa na jibwa amepelekwa”, umeishia nusu ya njia.

Mahali pana wenyewe watatu: *pa-* kwa mahali mahususi, *ku-* kwa mahali pa jumla au pa mbali, *mu-* kwa ndani. “Mezani pale pamewekwa vitabu.” “Sokoni kule kumejaa watu.” “Darasani humu mna madawati mapya.” Ukishachagua mmoja, ubaki naye hadi nukta. “Darasani humu pana madawati” imeingia ndani kwa *humu* kisha ikatoka kwa *pana*.

Hatua ya saba: nomino mbili kwa kitenzi kimoja, na kiwakilishi chenye mashaka

Nomino mbili za ngeli moja zikiunganishwa kwa *na*, zipe wingi wa ngeli yao: “Jembe na shoka yamepotea”, “Ufunguo na ufagio zimepotea.” Zikiwa vitu vya ngeli tofauti, *vi-* ndiyo kimbilio la kawaida: “Kikombe na sahani vimevunjika.” Zikiwa viumbe, ni *wa-*: “Mzee na mbwa wake wamepita.” Nafsi zina daraja lake. Nafsi ya kwanza ikiwapo, ni *tu-*: “Mimi na dada yangu tutakuja.” Isipokuwapo, na ya pili ipo, ni *m-*: “Wewe na kaka yako mtakuja.”

Kuhusu mashaka, tazama “Juma alimwambia Ali kuwa kitabu chake kimepotea.” *Ch-* ni ya kitabu, hilo halina utata. *-ake* ndiyo yenye tatizo, kwa kuwa inaweza kuwa ya Juma, ya Ali, au ya mtu wa tatu. Ukiulizwa utaje maana za sentensi, zitoe kwa kuwataja wenyewe mmoja mmoja: kitabu cha Juma kimepotea, kitabu cha Ali kimepotea, kitabu cha mtu mwingine kimepotea. Ukiombwa uondoe utata, badilisha kimilikishi kwa jina. Jibu la maelezo marefu yasiyomtaja mwenyewe halimwambii mtahini lolote.

Hatua ya nane: usambamba

Usambamba ni upatanisho wa aina nyingine. Katika upatanisho wa ngeli, kiambishi hutii nomino. Katika usambamba, tungo mojawapo hutii umbo la mwenzake. Maneno yanayofanya kazi moja katika sentensi huvaa vazi moja. Soma hii kwa sauti:

“Lengo letu ni kupunguza ajali, uboreshaji wa barabara na tuwaelimishe madereva.”

Malengo ni matatu, na kila moja limekuja na umbo lake: kitenzi-jina, nomino ya kinyambuo, kitenzi cha dhamira tegemezi. Angalia la kwanza limevaa nini, kisha uwavishe wenzake: “Lengo letu ni kupunguza ajali, kuboresha barabara na kuwaelimisha madereva.” Wanafunzi wangu wengi hupata faida ya hatua hii katika ufupisho kuliko mahali pengine, kwa kuwa hoja zikiorodheshwa katika umbo moja, maneno hupungua yenyewe.

Swali la usambamba linalotokea zaidi katika matumizi ya lugha ni la *-nge-* na *-ngali-*. Kanuni ya mtihani ni kwamba umbo lililoanza sharti ndilo linalofunga jibu la sharti. “Angesoma angefaulu” ina maana kwamba nafasi bado ipo: hajasoma, lakini anaweza. “Angalisoma angalifaulu” ina maana kwamba wakati umepita: hakusoma, hakufaulu, na hakuna la kufanywa. “Angesoma angalifaulu” imefungua mlango wa leo na kuufungia jana, nayo husahihishwa. Kwa ukanushi utakutana na “Asingesoma asingefaulu” na pia “Hangesoma hangefaulu”. Chagua moja na uitumie pande zote mbili. Tahadhari nyingine: ukanushi wa sentensi hizi unapaswa kugusa vitenzi vyote viwili, isipokuwa agizo lilenge kimoja. Na *-nge-* yenyewe imekwisha kubeba sharti, kwa hiyo kuitanguliza kwa *kama* ni kurudia.

Viunganishi vya jozi navyo hudai usawa. “Kadiri siku zinavyosonga ndivyo anavyozidi kupata nafuu”: *-vyo-* upande huu, *-vyo-* upande ule. “Mwanafunzi huyu si hodari tu bali pia mtiifu”: sifa kwa sifa. “Hasomi wala haandiki”, au “Hasomi wala kuandika”, lakini si “Hasomi wala anaandika”. Katika masimulizi, *-ka-* ikishaanza kuongoza mfululizo wa matendo, iache iendelee: “Aliamka, akaoga, akala, akaenda shuleni.” Kuichomeka “alikula” katikati ya mfululizo huo ni kumrudisha msomaji mwanzo wa safari.

Mazoezi: methali

Kitabu cha mazoezi kilicho bora zaidi kwa kazi hii kila mtu anacho tayari kichwani, bila kununua. Methali zimejaa viwakilishi ambavyo nomino yake haikutajwa, na kuzifungua ni mazoezi ya moja kwa moja ya kumtafuta mwenyewe. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame”: *cha* ni ya nani? Ya kitu kilicho mvunguni. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu”: *la* ni ya neno, na *guu* ni mguu uliokuzwa. “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo”: *ya-* zote mbili ni za mambo, ya kwanza ikiwa na o-rejeshi ya katikati na ya pili ikiwa na o-rejeshi tamati. “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja”: hesabu *li-* na *la-* zote, na kila moja ni ya jambo lile lile. “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza” ina upatanisho na usambamba kwa pamoja, na wingi wake ni “Vyema vyajiuza, vibaya vyajitembeza.” Chukua tano kila jioni, mtaje mwenyewe wa kila kiambishi, kisha uziandike kwa wingi. Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania, ambaye huenda amefundishwa kuiita ngeli ya mahali PA-MU-KU, atafaidika nazo vile vile.

Anayetaka kujipima kabla ya kuingia mtihanini ajaribu hii, ambayo imebeba karibu kila kilichotajwa hapo juu: “Usiache mbachao kwa msala upitao.” *U-* ya *usiache* ni ya wewe, kwa hiyo kwa wingi ni *m-*. *Mbachao* ni mbacha wako, yaani mkeka wako mkuukuu, kimilikishi kikiwa kimefupishwa na kubanwa mwishoni. Mbacha umo katika U-I, na *wako* ukiingia wingi wa nafsi na wa ngeli kwa pamoja unakuwa *yenu*. Msala nao umo katika U-I, na *u-pit-a-o* imemtaja mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo sehemu zote mbili zinabadilika. Andika jibu lako kwanza, kisha ulinganishe: “Msiache mibacha yenu kwa misala ipitayo.”